Michikichi ya Kigoma ipandwe palipo na michikichi

Hakuna sababu ya kufyeka hata ekari moja ya msitu mkoani Kigoma kwa ajili ya michikichi. Hakuna sababu ya kuchimba mashimo ya miche kwenye ukingo wa mto. Ardhi ambayo nchi hii inaihitaji ili ipate mawese imekwisha kulimwa: ni mashamba ya zamani, yenye miti mirefu iliyoachwa na wazee, ambayo kila mwaka yanatoa mafuta kidogo kuliko yanavyoweza. Kiongozi anayepanda jukwaani akataja miche iliyogawiwa na ekari mpya zilizosafishwa, kisha akashuka bila kusema ekari za zamani zinatoa madumu mangapi, hajatoa taarifa ya kilimo. Ametoa taarifa ya ufyekaji.

Tunasema hivyo tukijua kwamba kampeni ya kufufua zao hili ilianza kwa nia njema. Julai 2018 Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alilibeba suala la michikichi yeye mwenyewe na kuutaka mkoa wa Kigoma uongoze. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikakabidhiwa kazi ya mbegu bora. Gereza la Kwitanga na kikosi cha JKT Bulombora wakaagizwa wapande. Halmashauri zikaanzisha vitalu, na miche ikagawiwa bure. Hesabu za serikali za miaka ile zilitia aibu: nchi ilikuwa inahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, yenyewe ikizalisha tani 205,000 hivi, na zinazobaki zikinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, sehemu kubwa ikiwa ni mawese ya Asia. Waliokuwa wakiona suala hili ni siasa tupu walipata jibu Aprili 2022, Indonesia ilipofunga mauzo yake ya mawese nje kwa majuma kadhaa na wanunuzi wa dunia nzima wakabaki wakitazamana. Nchi isiyojilisha mafuta huamuliwa bei na watu wasioijua.

Kwa hiyo hatuna ugomvi na lengo. Tuna ugomvi na kipimo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kampeni hii imesifiwa sana kwa idadi ya miche. Mche ukishatoka kitaluni unaandikwa kwenye taarifa kama ushindi, hata kama umepandwa kwenye mteremko wa mawe, hata kama umeliwa na mbuzi, hata kama umepandwa mahali palipokuwa na miti ya miyombo iliyokuwa inashikilia kijito cha kijiji. Ofisa kilimo anayepimwa kwa ekari mpya atatafuta ekari mpya. Hahitaji kuwa mtu mbaya. Ni hivyo alivyoagizwa.

Tupige hesabu kidogo. Pengo lililotajwa hapo juu ni tani 365,000. Ukiliziba kwa mashamba yanayotoa tani moja na nusu ya mafuta kwa hekta, utahitaji zaidi ya hekta 243,000. Ukiliziba kwa mashamba yanayotoa tani tatu, utahitaji nusu yake. Zile hekta 121,000 na ushei zinazotofautisha hesabu hizo mbili ndizo msitu, ndizo malisho, ndizo mabonde ya maharage. Hatudai kwamba Kigoma peke yake izibe pengo lote. Alizeti ya Singida na Dodoma ina sehemu yake, ingawa hekta ya alizeti kwa wastani wa dunia haifikishi hata tani moja ya mafuta. Tunachodai ni kwamba swali la ardhi limo ndani ya swali la mavuno, na anayelikwepa la pili anajibu la kwanza kwa shoka.

Na mavuno ya Kigoma yanajulikana kwa nini ni madogo. Mti uliozoeleka huko ni dura. Kokwa lake lina gamba nene, na nyama inayotoa mawese ni nyembamba. Kuna aina nyingine, pisifera, ambayo tunda lake halina gamba kabisa, lakini mikungu yake mingi hunyauka kabla ya kukomaa, kwa hiyo peke yake haina faida shambani. Ukizichanganya hizo mbili unapata tenera: gamba jembamba, nyama tele, mafuta mengi kwa kila mkungu. Maarifa haya hayakutoka Kuala Lumpur. Yalipatikana Yangambi, kando ya mto Kongo, si mbali na Kisangani, ambako watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba unene wa gamba unatawaliwa na jeni moja tu. Ugunduzi ulifanyika ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Miaka zaidi ya 80 baadaye, mkwezi wa kijiji cha Simbo bado anapanda mti wa dura mrefu kuliko nyumba za ghorofa za mjini, akihatarisha shingo kwa ajili ya mkungu wenye gamba nene na nyama kidogo.

Hapa tunaomba viongozi waiache hadithi moja. Kila kampeni ya michikichi ikifunguliwa, lazima atokee wa kusema kwamba Wamalaysia walikuja Kigoma, wakachukua mbegu, wakaenda kutajirika kwao. Hadithi hii imerudiwa mpaka watoto wa shule wanaijua. Ukweli ni kwamba michikichi ya Asia ina asili yake katika miche minne kutoka Afrika iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Shamba la kwanza la kibiashara nchini Malaysia, Tennamaram, lilianza mwaka 1917. Watafiti wa Malaysia walikusanya mbegu Tanzania kweli, lakini ilikuwa mwaka 1986, wakati nchi yao ilikwisha kuwa muuzaji mkubwa wa mawese duniani. Walikuja kutafuta aina za kuongezea kwenye utafiti wao, kama walivyokwisha kufanya Nigeria, Kameruni na Zaire. Hadithi ya kuibiwa inapendwa kwa sababu inamsaidia msimuliaji asiulizwe sisi tuliobaki na mbegu tumezifanyia nini.

Ina ubaya mwingine pia. Inatufanya tuitazame Asia kama mwenzetu aliyetuwahi, ambaye sasa tunapaswa kumfuata hatua kwa hatua. Hatupaswi. Mwaka 2015 moto uliteketeza hekta milioni 2.6 nchini Indonesia, sehemu yake ikiwa ardhi ya majimaji yenye mboji nene iliyokaushwa kwa mifereji ili ilimwe, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16 kwa msimu mmoja. Moshi ulifunga shule na kuvuruga safari za ndege katika nchi jirani. Kigoma haina mboji ya namna hiyo, kwa hiyo hatutarajii moto wa namna hiyo. Lakini ukataji uliotangulia moto huo ulianza kwa maneno tunayoyasikia sasa: kwamba ardhi ni pori tu, haina mwenyewe, na wananchi wanahitaji ajira.

Tunakuja sasa kwenye jambo ambalo maofisa wengi hawapendi kulisema hadharani. Mchikichi ni mti wa mvua. Wataalamu wanautaka upate milimita 2,000 kwa mwaka zilizotawanyika vizuri, na usipitishe mwezi bila milimita 100. Mji wa Kigoma hupata kiasi cha nusu ya hizo, na kuanzia Juni hadi Septemba kunakuwa kukavu. Mti hauteseki kwa kelele. Ukikosa maji, hupunguza maua ya kike na kuzidisha ya kiume, na matokeo yake hayaonekani mwaka huohuo. Yanaonekana kiasi cha miaka miwili baadaye, mikungu inapokuwa michache na hakuna anayekumbuka tena kiangazi kilichopita. Ndiyo maana takwimu za mavuno ya Malaysia zinazobandikwa kwenye mabango ya maonyesho haziwezi kuahidiwa Kigoma. Tenera ya Kihinga itaishinda dura ya Kigoma, tena kwa mbali. Haitakuwa Johor ya Malaysia. Anayemwambia mkulima vinginevyo anamuuzia hasara ya miaka 25.

Na nyanda za juu za Kasulu na Buhigwe, ambako ubaridi unaongezeka kadiri unavyopanda, si mahali pa kupeleka mche kwa sababu tu mheshimiwa fulani ameona jimbo lake limesahaulika.

Mkulima anaujua ukweli huu wa maji kuliko mabango. Ndiyo maana michikichi mizuri ya Kigoma iko mabondeni, karibu na vijito, kwenye udongo unaobaki na unyevu Agosti. Kampeni inapomhimiza aongeze miti, anakwenda anakojua itastawi: anashuka bondeni, anasogea ukingoni. Hapo ndipo sheria inapokanyagwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Sheria haikusema "isipokuwa zao la kimkakati". Haikusema "isipokuwa shamba la taasisi ya umma".

Tumewahi kusikia utetezi kwamba mchikichi nao ni mti, kwa hiyo unalinda ukingo. Utetezi huo haujasimama shambani. Mche wa mchikichi hupandwa mita tisa kutoka kwa mwenzake, miti 143 hivi kwa hekta, na kila mche hufyekewa duara ili usizongwe na nyasi. Kwa miaka mitatu au minne ya mwanzo, ardhi kati ya miche iko wazi. Kwenye miteremko inayoshuka Tanganyika, mvua za Novemba zikiikuta hivyo, udongo hauendi mbali kutafuta njia. Njia ni ziwani. Ukifika huko hufunika mawe ya pwani ambako aina nyingi za samaki wa ziwa hili hujificha na kuzaliana. Mvuvi wa Kibirizi atalipia shamba ambalo si lake.

Kuna msitu mwingine unaokatwa kwa ajili ya mawese ambao haumo kwenye takwimu za mashamba. Ni ule unaoingia chini ya pipa. Chikichi huchemshwa kabla ya kukamuliwa, na kwa wakamuaji wadogo, ambao wengi ni wanawake, chemsho hilo ni la kuni. Mkoa huu umekuwa ukihifadhi wakimbizi kwa miongo, kambi ya Nyarugusu ikiwapo tangu 1996, na mahitaji ya kuni peke yake yamekwisha kuvua vilima vingi. Kiwanda kilichopangwa vizuri huchoma nyuzi na magamba ya chikichi lenyewe kupata mvuke. Pipa la kijijini linachoma mninga. Halafu mkamuaji, akishamaliza kazi yote hiyo, anabaki na mafuta mengi ndani ya mashudu kwa sababu mashine yake haina nguvu ya kuyatoa. Anapoteza mafuta na msitu kwa pamoja, na serikali inamjibu kwa kumpa mche mwingine.

Tungekuwa na amri ya kutoa juu ya fedha za kampeni hii, tungezihamisha nyingi kutoka kitaluni kwenda kwenye ukamuaji. Mkungu ukishakatwa, chikichi huanza kuharibika na asidi ndani ya mafuta hupanda; unapaswa ufike kiwandani ndani ya saa 24 hivi. Hiyo ina maana kwamba mahali unapoweka kiwanda ndipo unapoamua ardhi ipi italimwa. Kiwanda na barabara vikiwekwa katikati ya mashamba ya zamani, Simbo, Mwandiga na vijiji vya jirani, mkulima atakuwa na sababu ya kuyahudumia mashamba yale. Vikipelekwa pembezoni, kando ya pori, kwa kuwa huko ndiko mwekezaji ameonyeshwa eneo kubwa lisilo na fidia, pori litaisha kwa kasi ya malori. SIDO ya Kigoma, shirika la viwanda vidogo, imekuwa ikitengeneza mashine za kukamua kwa miaka mingi. Haihitaji pongezi zaidi, inahitaji chuma na mikopo kwa wanaonunua.

Msitu tunaouzungumzia si wa kufikirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyekuwa amefika Gombe tangu 1960, aliruka kwa ndege ndogo juu ya hifadhi na kukuta kisiwa cha miti kilichozungukwa na vilima vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE, ambao ulichukua njia ambayo miradi mingi ya uhifadhi huikwepa kwa kuwa ni ndefu: kukaa na vijiji, kuchora nao mipango ya matumizi bora ya ardhi, na kuviacha vyenyewe vitenge misitu yao. Mipango hiyo ilipatikana kwa vikao vya miaka, kwa kubishana juu ya mpaka wa shamba la fulani na mti wa fulani. Kusini zaidi, Masito na Ugalla, msitu wa miyombo bado unabeba sokwe wengi walioko nje ya hifadhi za taifa. Sokwe hawana ugomvi na mchikichi. Wale wa Gombe hula chikichi kwa bidii, na miti hiyo wameikuta. Mchikichi mmoja mmoja kati ya mihogo na maharage ndio ulioilisha Kigoma muda mrefu bila kuimaliza. Mpango wa ardhi wa kijiji uliochukua miaka kupatana hauwezi kufutwa na lori la miche lililoshushwa Jumatatu asubuhi. Pale ambapo umefutwa, mkurugenzi wa halmashauri aulizwe kwa jina la cheo chake.

Wanaotaka kuona mambo haya yanafikia wapi hawahitaji kwenda Asia. Wavuke Ziwa Victoria waende Kalangala, Uganda. Katika kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote vya Ssese, serikali ya Uganda, mwekezaji na mkopo wa IFAD, mfuko wa kimataifa wa kilimo, walikutana kuanzisha mradi wa michikichi ambao upandaji wake ulishika kasi katikati ya miaka ya 2000. Mpango ulikuwa hekta 6,500 za shamba kuu la kampuni na hekta 3,500 za wakulima wadogo wanaolizunguka. Tusiwe wachoyo wa kusema mazuri: wakulima wadogo wana chombo chao, bei ya mikungu inapangwa kwa kanuni inayofahamika na inafuata soko la dunia, fedha inaingia kila mwezi, kivuko na barabara vimeboreka. Mkulima mdogo wa Kigoma angeuona utaratibu huo wa bei angeutamani, maana yeye anauza kwa mlanguzi anayejipangia.

Lakini Bugala ilikuwa kisiwa cha msitu. Sehemu kubwa ya msitu huo imekwenda. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 200 kutoka ufuko wa ziwa kubwa ziachwe, na michikichi ilipandwa ndani ya mita hizo mpaka ikawa hoja ya kitaifa. Ndizi na vyakula vingine ambavyo kisiwa kilikuwa kikijilimia vikaanza kuvukishwa kutoka bara. Mwaka 2015 wakulima wapatao 100 walikwenda mahakamani wakidai ardhi yao ilichukuliwa bila haki. Katika mjadala wote huo, upande uliokuwa na nguvu kidogo zaidi ni wa wale waliokuwa wakilima na kuchanja kuni kwenye ardhi isiyo na hati. Wenye hati waliuza au walipanda. Wasio na hati walihama.

Sisi tuna mfano wetu pia, na tunashangaa unavyosahaulika upesi. Mwaka 2009 vijiji 11 vya Kisarawe vilipoteza zaidi ya hekta 8,000 kwa kampuni ya kigeni iliyokuja na zao la mbono kwa ajili ya nishati. Ajira zilitajwa, zahanati zilitajwa, visima vilitajwa. Mwaka 2011 kazi ilisimama. Ardhi haikurudi vijijini, kwa sababu ilikwisha kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Wanavijiji walibaki wakilitazama pori lao likimilikiwa na karatasi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema uhamisho wa ardhi ya kijiji usiofika hekta 250 unaamuliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ukizidi hapo, waziri ndiye anayeamua baada ya kusikia maoni ya mkutano huo. Tunawataka wenyeviti wa vijiji vya Kigoma na Uvinza waisome sentensi hiyo mara mbili. Mkutano mkuu si kikao cha kupiga makofi. Wajumbe hawakuitwa kumkaribisha mgeni. Wameitwa kuamua juu ya kitu ambacho hawatakipata tena. Na shamba la pamoja likianzishwa kwa ajili ya vijana, kama ilivyo desturi ya siku hizi, lianzishwe kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa na kutelekezwa. Hakuna kijana aliyewahi kusema anataka kulima mahali penye miti mikubwa. Anasema anataka kulima mahali penye barabara.

Sasa tulijibu swali ambalo mkulima mwenyewe atatuuliza, tena kwa haki: kwa nini asipande palipo na michikichi yake ya zamani? Kwa sababu atakufa njaa. Mti mkongwe wa dura, hata kama ni mchoyo, unampa mafuta ya kuuza alipe ada ya shule. Akiung'oa leo na kupanda tenera, atakaa miaka mitatu, pengine minne, kabla ya mkungu wa kwanza wa maana. Pori halimdai miaka hiyo. Anaacha mti wake wa zamani uendelee kutoa kidogo, anakwenda kupanda mpya msituni, na kwa akili ya mfuko wake yuko sahihi kabisa. Kumhubiria uhifadhi bila kumlipia miaka hiyo mitatu ni kumtukana.

Indonesia, pamoja na dhambi zake zote, imelielewa hili. Tangu mwaka 2017 inachukua sehemu ya tozo inayokatwa kwenye mauzo ya mawese nje na kuwapa ruzuku wakulima wadogo wanaong'oa miti iliyozeeka na kupanda upya kwenye shamba lilelile. Tanzania haitegemei kuuza mawese nje, lakini inayanunua, na inayatoza. Mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35, na sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda mkulima wa ndani. Walaji wamelipa ushuru huo kila walipokaanga kitu. Tunauliza: sehemu gani ya fedha hiyo imemfikia mwenye michikichi mikongwe wa Simbo ili aikate? Waziri wa Fedha anaweza kutenga fungu lake bila kutunga kodi mpya. Alipwe kwa kila mti wa dura uliokatwa na tenera iliyoshika mahali pake, si kwa mche uliochukuliwa kitaluni. Akate kwa awamu, mstari mmoja uachwe uendelee kuzaa wakati mwingine unakua, na kati ya mistari alime maharage na mihogo mpaka kivuli kifunge. Wazee walikuwa wakilima hivyo kabla kilimo mseto hakijapewa jina kwenye semina.

Jambo la mwisho ni dogo kwa macho na kubwa kwa madhara. Tenera haizai tenera. Mbegu zilizookotwa chini ya mti wa tenera ndani ya shamba la tenera, zikioteshwa, robo yake hurudi kuwa dura, robo nyingine hutoka pisifera tasa, na nusu tu ndiyo hubaki tenera. Mkulima hawezi kuvitofautisha vitu hivyo kitaluni kwa macho. Ataviona miaka minne baadaye, ardhi ikiwa imekwisha kukaliwa. Kila mche wa uongo ni ardhi iliyofungwa kwa robo karne. Tunajua vitalu vya vichochoroni vimeanza kuota kando ya barabara kwa sababu mahitaji ni makubwa kuliko miche ya Kihinga. TOSCI, yenye dhamana ya ubora wa mbegu, iwafikishe mahakamani wauzaji wa miche hiyo, na halmashauri iliyonunua miche bila cheti itaje ilinunua kwa nani.

Watakuwapo wa kusema kwamba maneno haya ni ya Wazungu, kwamba Ulaya inatufunga mikono kwa sheria zake za mazao yasiyotokana na ukataji misitu. Hawajasoma soko lao. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inahusu mawese yanayoingia Ulaya. Mawese ya Kigoma hayafiki Ulaya. Yanafika Tabora, Mwanza na Dar es Salaam kwa madumu ya njano, yanaliwa na kuishia hapo. Hakuna mkaguzi atakayekuja kutoka Brussels kupima mita 60 za mto Malagarasi. Kwa hiyo kama mita hizo zitalindwa, zitalindwa na bwana miti wa wilaya, mtendaji wa kijiji na hakimu wa Kigoma, au hazitalindwa na mtu.

Tunaitaka Wizara ya Kilimo itoe, kabla ya miche ya msimu ujao kutoka kitaluni, taarifa ya kijiji kwa kijiji yenye mambo matatu tu: ekari za michikichi zilizokuwapo kabla ya 2018, ngapi kati yake zimebadilishwa kuwa tenera, na ekari ngapi mpya zimefunguliwa na zilikuwa na nini kabla. Tunaitaka NEMC, yenye dhamana ya mazingira, ipime mashamba yote ya taasisi za umma kwanza, magereza na JKT wakiwamo, na itangaze yaliyomo ndani ya mita 60. Michikichi iliyopandwa humo ing'olewe kwa gharama ya taasisi yenyewe. Mpaka taarifa hiyo itakapobandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji, mkuu wa mkoa asimamishe ugawaji wa miche kwa shamba lolote jipya, na miche yote ya Kihinga iende kwa wenye mashamba ya zamani.